Panya Buku Dhidi ya Nyuki wa Shimoni

Ukitaka kujua Nabwile ni mtu wa namna gani, muulize Sifuna, ila muulize ukiwa umesimama mbali kidogo, maana hasira bado anayo. Sifuna alikuwa apate mke pale Webuye. Posa imekubaliwa, soda zimenywewa, sala ya kufunga imesaliwa, imebaki kupeana mikono tu. Mjomba wa msichana akasema, kwa kupitisha wakati, kwamba ugali wa wimbi haushibishi kama wa mahindi. Basi! Nabwile, shangazi yake Sifuna, angeweza kutabasamu akanyamaza. Wapi! Alimjibu mzee, mzee akamjibu, akamjibu tena, na jua lilipoanza kuteremka mzee alikuwa amekubali kila kitu kuhusu wimbi na amekataa kila kitu kuhusu Sifuna. Nabwile alishinda maneno, Sifuna akakosa mke.

Sasa ilikuwa zamu ya Nyongesa.

Nyongesa naye ni mtoto wa kaka yake Nabwile, ila huyu si wa kusalimiwa tu Krismasi. Huyu Nabwile alimlea mwenyewe kule Lugulu, Bungoma, tangu wazazi wake walipofariki, alipokuwa bado anavaa viatu kinyume. Alimlea peke yake, bila mume, bila msaidizi, kwa duka la nguo za mitumba na kwa mdomo. Nyongesa akakua, akapata kazi na watafiti kwenye msitu wa Mlima Elgon, juu ya Kapsokwony. Kazi yenyewe ni kumfuata panya buku, yule panya wa msituni mwenye ukubwa wa paka na mashavu yanayofura kama mifuko. Nabwile alipoambiwa mara ya kwanza aliuliza, "Umesoma miaka yote hiyo ndio ukimbizane na panya? Si panya tuko nao hapa nyumbani?"

Huko huko mlimani ndiko Nyongesa alikokutana na Linah Jerono wa Kitale. Jerono alikuwa anachunguza nyuki. Si hawa wa mzinga na asali, la; ni wale wasio na jamaa, ambao kila jike huchimba shimo lake mwenyewe ardhini na kuishi kivyake. Alikuwa amepata ukingo wa udongo mzuri kando ya njia, umejaa vishimo vyao. Asubuhi moja akakuta panya buku wa Nyongesa amechimba katikati ya ukingo ule na kuharibu nyumba za watu. Jerono alimfokea Nyongesa mpaka ndege wakahama mti. Nyongesa akajaribu kumtetea panya. Walibishana siku ile, wakabishana siku iliyofuata, na mwezi haujaisha wakawa wanabishana huku wameshikana mikono.

Tatizo lilikuwa Kogo.

Kogo Jepkosgei, nyanya yake Jerono, maana Kogo kwao ni nyanya, alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi kabla ya kustaafu, na maisha yake yote alipenda kitu kimoja kuliko chai: mdahalo. Wanafunzi wake walikuwa wanazishinda shule zote za Trans-Nzoia. Alipostaafu, mdahalo aliuhamishia nyumbani. Kwake huchumbii mtu kwa blanketi na sukari tu. Lazima aliyemlea kijana asimame abishane na Kogo mwenyewe, kwa hoja, mbele ya watu. Na aliposikia habari za ukingo ule wa udongo, Kogo alipiga makofi kwa furaha. Hoja aliituma siku hiyo hiyo kwa simu: *Panya buku ni bora kuliko nyuki wa shimoni.* Bungoma wapendekeze, Kitale wapinge.

Nyongesa alipousoma ujumbe ule alikaa chini.

"Senge," alimwambia Nabwile, maana ndivyo watu wa Bungoma wanavyomwita shangazi, "mimi sijawahi kukuomba kitu kikubwa."

"Uliniomba baiskeli."

"Kando na baiskeli. Nakuomba ushindwe. Huyo ni nyanya ya msichana, tena ni mwalimu. Ongea vizuri, tetea panya kidogo, halafu umwachie neno la mwisho. Hilo tu, Senge. Neno la mwisho liwe lake. Ukilichukua wewe, mimi nimeisha kama Sifuna."

Nabwile alimtazama yule kijana, akaona macho ya yule mtoto wa viatu kinyume, na moyo ukamlainika kama siagi juani. "Nitashindwa," akasema. "Naapa mbele ya Mungu."

Kuapa ni rahisi. Ilibidi wamfanyishe mazoezi. Sifuna alijitolea, na nadhani alikuwa na raha zake. Alikaa mbele ya Nabwile jikoni akamwambia, "Senge, maji ni makavu."

Nabwile akameza mate. "Ndiyo. Ni makavu."

"Ng'ombe ana miguu sita."

"Kweli... anayo sita."

"Chai yako haina sukari ya kutosha."

"Haina sukari? Wewe Sifuna, ulikunywa vikombe vitatu ukalamba na kijiko, leo ndio unakumbuka sukari? Kwani kwa mama yako mnaweka ngapi?" Nyongesa alijishika kichwa akatoka nje.

Jumamosi ikafika. Walikodi gari, Probox, wakaipakia sukari, blanketi, majani ya chai na kuku mmoja aliyekuwa na maoni yake, wakashika njia ya Kitale. Nabwile alivaa kitenge kipya akafunga midomo kama mtu anayebeba maji bila kifuniko. Njia nzima hakusema neno. Dereva aliuliza kama mama ni mgonjwa.

Kwa kina Jerono walipokewa kwa nyimbo. Nyumba ilikuwa na ua uliofagiliwa ukang'aa, hema la bluu, viti vya plastiki vilivyopangwa pande mbili, na katikati meza yenye kengele ya ng'ombe. Baba yake Jerono, mzee Kiplagat, mtu mpole anayeomba radhi hata kwa mbuzi, ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Msichana mmoja akapita na kibuyu akiwagawia wageni mursik, maziwa ya kugandisha yenye majivu ya mti. Nabwile alionja kidogo. Aki ya Mungu, uchachu ule ulimpanda hadi kwenye masikio! Alitabasamu kwa adabu akakisukuma kikombe chini ya kiti.

Halafu Kogo akatoka. Alikuwa mwembamba, mrefu, na fimbo ambayo haikuwa ya kutembelea bali ya kuonyeshea watu. Nabwile alimwona akajua mara moja: huyu ni mwenzangu. Na ulimi wake, bila ruhusa, ukaanza kuwasha.

Wakasali. Mzee Kiplagat akapiga kengele. "Tunaanza. Mpendekezaji, karibu. Pole."

Nabwile alisimama. "Bwana mwenyekiti, mama mwalimu, na nyinyi wote mliotega masikio, hamjambo? Nasimama hapa kupendekeza kwamba panya buku ni bora. Kwanza, ana mashavu. Kitu kikimpendeza msituni anakitia shavuni: mbegu, kokwa, hata ufunguo wa watu. Anakwenda nacho shimoni anakificha. Ghala lake halikauki." Upande wa Bungoma wakapiga makofi. Nabwile akasikia ule utamu wa zamani ukimpanda kifuani, na hapo akaona Nyongesa amefumba macho kama mtu anayesubiri sindano. Akajikaza. "Lakini... lakini ni mchoyo. Lazima niseme ukweli. Anakula peke yake, usiku, mgeni hamjui. Mimi mwenyewe nikimwona jikoni nitamrushia mwiko. Asanteni."

Akaketi. Makofi yalikuwa machache, tena ya mashaka.

Kogo akasimama, na Nabwile akajiandaa kupigwa hoja za haja. Kogo akakohoa. "Bwana mwenyekiti. Huyu nyuki wetu... kusema kweli ni mdogo sana. Asali hana. Mzinga hana. Mtu akimtembelea hana hata wa kumtuma dukani. Anachimba tu, mchana kutwa, kichwa kimejaa vumbi. Sijui tunamsifia nini." Akaketi.

Nabwile aliduwaa. Hivyo ndivyo mwalimu wa midahalo anavyobishana? Hii ilikuwa hatari kubwa. Mama wa watu alikuwa anashindwa vibaya sana, na yeye Nabwile angeshinda hata kwa kukaa kimya! Alinyanyuka kabla ya kengele.

"Hana asali, ndiyo! Lakini, mama mwalimu, mbona unamdharau mtoto wenu? Yule nyuki anakanda chavua ya maua na utamu wake, anafanya mkate. Kila mtoto chumba chake, kila chumba mkate wake. Nani hapa aliyezaa watoto akampa kila mmoja chumba?"

"Hayo ni kweli," akasema Kogo, naye tayari amesimama, "lakini usimwonee panya buku! Zile mbegu anazoficha, nyingine anazisahau, zinaota. Nusu ya msitu ule nani kaupanda? Serikali?"

"Anapanda kwa kusahau! Nyuki hasahau kitu!"

"Kusahau ni ubinadamu!"

"Huyo ni panya, mama!"

"Panya mwenye utu!"

Watu walianza kucheka. Mwanzoni walicheka kwa mikono midomoni, halafu mjomba mmoja wa Kitale akashindwa, akaegemea kiti cha plastiki, kiti kikamkunja. Mzee Kiplagat alipiga kengele, akapiga tena. "Samahani," akasema. "Samahani sana. Mama wa Bungoma, wewe si ndiwe unapendekeza panya? Na Mama, wewe si uko upande wa nyuki? Mbona kila mtu ametoroka kwake? Naomba mbadilishane viti, nijue ninaandika nini."

Wakabadilishana. Nabwile akavuka ua akaketi upande wa Kitale, Kogo akaketi katikati ya watu wa Bungoma, karibu na yule kuku. Sasa Nabwile ndiye wakili wa nyuki, na wakili wa nyuki lazima ashindwe. Hesabu ilikuwa wazi kabisa kichwani mwake.

"Sasa nikiwa kwa nyuki," akasema, "lazima nikiri kwamba huyu nyuki ana udhaifu. Shimo lenyewe mvua ikinyesha ni uji. Afadhali ghala la panya."

"Na mimi nikiwa kwa panya," akadakia Kogo, "naona aibu! Mtu mzima anatembea mashavu yamejaa, ukimsalimia hawezi kujibu. Nyuki ana adabu zaidi."

Hapo watu wote uani walivunjika mbavu. Sifuna, aliyekuja akiwa na kinyongo chake, alikuwa amelala kwenye nyasi anapiga ardhi kwa kiganja. Jerono machozi yalimtoka, akamshika Nyongesa bega ili asianguke, na Nyongesa hakujua kama acheke au akimbie. Kuku akafunguka kamba akapita mezani. Na wale mama wawili, vidole juu, walisonga mbele mpaka wakakutana katikati ya ua, pua kwa pua.

"Mama, nimekuambia nyuki ni bora! Umeshinda!" akapaaza sauti Kogo.

"Siwezi kushinda!" akafoka Nabwile. "Niliapa kushindwa!"

Nabwile akajiziba mdomo, lakini maneno yalikuwa yameshatoka, na mtama ukimwagwa penye kuku haukusanyiki.

Kogo alimkazia macho. "Uliapa? Na mimi je? Huyu msichana," akamwonyesha Jerono kwa fimbo, "alinipigia magoti jana. Nimeshafukuza wachumba wawili kwa hoja. Wa mwisho aliondoka analia, akasahau koti. Sasa msichana ananiambia, Kogo, huyu nampenda, tafadhali shindwa. Nikakubali! Mimi, Jepkosgei, nikakubali kushindwa! Sasa unanizuia!"

Wee! Hapo ndipo mambo yaliponoga. Watu walicheka mpaka wakasahau walichokuja kufanya. Lakini mzee Kiplagat hakusahau. Alijikuna kichwa akasema kwa upole, "Lakini, Mama, sheria ni yako. Mdahalo bila mshindi si mdahalo. Na bila mdahalo siwezi kupokea blanketi. Samahani."

Kicheko kikafa. Nabwile akamwona Nyongesa amebadilika rangi. Kogo akaketi, akafikiri, akagonga fimbo chini.

"Basi kila mmoja atasema neno la kufunga. Moja tu. Na liwe la kweli. Tumechoka kudanganyana hapa. Anza, mama wa Bungoma. Niambie, yule nyuki akishamaliza mikate yake, akishataga, akishaziba mlango wa shimo kwa udongo, anafanya nini?"

Nabwile alijua jibu. Nyongesa alikuwa amemweleza, wakati wa kumfundisha, na siku ile alilisikiliza kama mtu anayesikiliza habari ya hali ya hewa. "Anaenda zake," akasema. "Anakufa. Hamwoni mtoto akitoka. Mtoto anachimba mwenyewe kuja juu, na mama hayupo."

Alipolisema, akatazama huku na huku akitafuta utani wa kusema, akakosa.

"Basi ukweli ni huu," akasema, na sauti yake ilikuwa ndogo, sauti ambayo ndugu zake hawakuwahi kuisikia. "Mimi nilimchimbia huyu kijana shimo peke yangu. Nikamtengenezea mkate wake. Watu wanasema Nabwile hahitaji mtu, kama huyo nyuki, na mimi nimekuwa nikiona fahari. Lakini sitaki, mama mwalimu. Sitaki kuziba mlango niende zangu. Tangu ujumbe wako uingie kwenye simu, ninaogopa. Mimi ni panya buku. Huyu mtoto nimemweka shavuni miaka hii yote. Mkiniona naongea, naongea, ni kwa sababu nikinyamaza nitasikia nyumba ilivyo tupu." Alipangusa uso kwa ncha ya kitenge. "Lakini hata panya hawezi kubeba kitu shavuni milele. Kinaoza. Akifika mahali pake, anakitema. Nimefika. Mchukueni. Anapenda ugali mgumu, na akikasirika mpeni chai kwanza."

Nyongesa alikuwa analia waziwazi. Hata dereva wa Probox alikuwa anasafisha miwani isiyo na uchafu.

Kogo alinyanyuka polepole. Hakutumia fimbo. Alikwenda akamshika Nabwile mikono yote miwili, na kwa muda alionekana kama mtu anayechagua kati ya maneno mengi mazuri aliyoyaweka akiba.

"Nyuki anakufa kwa sababu hana wifi, hana mkwe, hana mtu wa kumwambia kaa," akasema. "Wewe mlango wako hauzibwi. Mwezi ujao utakuja hapa, na mwezi unaofuata nitakuja Lugulu, tubishane. Mwenyekiti, andika. Bungoma wameshinda."

Na hapo, ndugu zangu, hatari yenyewe ndipo ilipofika. Maana Nabwile alikuwa na jibu. Lilikuwa tamu, lilikuwa la haki, lilikuwa limeshafika nyuma ya meno: *Hapana, mama mwalimu, hiyo hoja ya mlango ndiyo iliyoshinda, wewe ndiye mshindi.* Jibu la adabu kabisa. Lakini lingekuwa neno la mwisho. Kogo angelijibu, naye angemjibu, na blanketi lingelala kwenye Probox. Nyongesa aliuona mdomo wa senge wake ukifunguka, akanyanyua mkono kama mtu anayezuia gari. Sifuna akanong'ona, "Yesu."

Nabwile alijitoa mikononi mwa Kogo, akakimbilia kiti chake cha kwanza upande wa Bungoma, akainama. Akaingiza mkono chini ya kiti, akatoa kile kikombe cha mursik alichokificha, akakifikisha mdomoni, akayamimina maziwa yote. Hakumeza. Aliyahifadhi mashavuni, kushoto na kulia, uchachu ukimchoma mpaka machozi mapya yakamtoka juu ya yale ya zamani, akasimama wima mbele ya wakwe zake, midomo imefungwa na mashavu yamefura, hana neno.

Kogo alimtazama. Akaelewa. Akacheka mpaka akahitaji kushikwa.

Mzee Kiplagat akapiga kengele, akina mama wa Kitale wakapiga vigelegele, na blanketi likapokelewa.